Deki za sauti ya chaneli nyingi: namna ya kuziunganisha na kuzipima nyumbani

Mtu ananunua deki ya mtumba ya SACD, aina ya diski ya muziki inayofanana na CD lakini inayoweza kubeba chaneli nyingi, anaiunganisha kwa waya wa kwanza alioukuta kwenye droo, anasikiliza dakika kumi, kisha anatoa hukumu: "Mbona hii ni CD tu?" Mara nyingi anasema kweli tupu. Kilichotoka kwenye spika zake kilikuwa CD. Deki ilikuwa na uwezo na diski ilikuwa na chaneli sita, yaani sauti sita zinazojitegemea, kila moja na spika yake, ila waya usiofaa au mpangilio mmoja kwenye menyu uliizuia sauti njiani.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Tanga mwenye sebule ya kawaida, iwe Ngamiani, Chumbageni au Raskazone, anayehesabu fedha zake na anataka kujua kwa uhakika kama deki aliyonayo, au anayotaka kuinunua, inafaa. Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita uzuri au ubaya wa deki ni waya, mahali pa spika na kiwango cha sauti. Hayo matatu yakishakaa sawa ndipo deki yenyewe inahukumika. Kabla ya hapo unahukumu kitu kingine ukidhani ni deki.

Ninaposema amplifaya hapa, nakusudia ile ya chaneli tano au saba ambayo wengine huiita risiva. Sizungumzii king'amuzi cha TV.

Ijue diski kabla ya deki

Aina tatu ndizo utakazokutana nazo. SACD ilitolewa na Sony na Philips mwaka 1999. Sauti yake huhifadhiwa kwa mfumo uitwao DSD, biti moja moja kwa kasi ya milioni 2.8224 kwa sekunde, yaani mara 64 ya kasi ya CD ambayo ni 44.1 kHz. DVD-Audio ilifuata mwaka 2000, nayo hutumia PCM, mfumo wa namba uleule wa CD, ya hadi biti 24, kwa 96 kHz ikiwa ni chaneli sita na hadi 192 kHz ikiwa ni stirio. Blu-ray iliingia sokoni mwaka 2006 na inaweza kubeba hadi chaneli nane za 96 kHz. Diski za Blu-ray za muziki mtupu zinaendelea kutoka, na SACD bado zinatolewa, hasa za muziki wa okestra na jazi.

SACD nyingi zina tabaka mbili: moja ni SACD, nyingine ni CD ya kawaida. Ndiyo maana diski hiyohiyo inapiga hata kwenye redio ya gari. Hapo ndipo watu wanapopotea. Deki isiyojua SACD haitakuambia kwamba haijui. Itasoma CD na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Halafu si kila SACD ina chaneli nyingi. Geuza kasha usome nyuma: kama kuna maandishi ya Multi-Channel au 5.1 (spika tano na sabufa), ipo. Kama kuna Stereo peke yake, usihangaike kutafuta sauti kwenye spika za nyuma.

DVD-Audio nayo ina mtego wake. Nyingi zina sehemu ya video pia, na sehemu hiyo hupigwa na deki yoyote ya DVD. Utaona picha na utasikia sauti ikizunguka chumbani, lakini hiyo ni Dolby Digital au DTS iliyobanwa. Ile ya biti 24 imebaki kwenye diski, haijaguswa.

Kununua ya mtumba bila kujuta

Deki mpya za kupiga SACD zimebaki chache. Oppo, ambao deki zao zilipendwa sana kwa kazi hii, walitangaza mwaka 2018 kwamba wanaacha kuzitengeneza. Sony wametoa deki kadhaa za Blu-ray zinazopiga SACD bila kulitangaza jambo hilo kwa herufi kubwa, na UBP-X800 inapiga SACD na DVD-Audio pia. Kwa hiyo katika rundo la deki za Blu-ray za mtumba inaweza kuwemo moja ya maana. Tafuta alama ya SACD usoni au juu ya mfuniko, na usipoiona soma namba ya modeli, kisha tafuta kitabu chake mtandaoni kabla ya kutoa hela.

Kisha nenda dukani na diski yako mwenyewe. Hili usilikwepe, kwa sababu ya namna deki inavyosoma. Tabaka la CD liko kina cha milimita 1.2 na husomwa kwa leza ya nanomita 780. Tabaka la SACD liko milimita 0.6 na husomwa kwa leza ya nanomita 650, ileile ya DVD. Deki inaweza kupiga CD vizuri kabisa huku leza yake ya pili imechoka. Muuzaji akikuwekea CD ya bongo fleva ikalia, hajakuonyesha kitu. Mwambie kwa upole, "Kaka, naomba tujaribu na hii yangu," weka SACD, kisha tazama kioo cha deki. Iandike SACD, na muda wa wimbo utembee bila kusita. Ruka hadi wimbo wa mwisho, maana leza iliyochoka au mota iliyolegea mara nyingi hujionyesha ukingoni mwa diski. Sikiliza pia kwa sikio tupu karibu na trei: mlio wa kukwaruza unaojirudia ni leza inayotafuta na haipati.

Geuza deki usome bamba la umeme. Umeme wetu ni volti 230, 50 Hz. Deki iliyotoka Japani ni ya volti 100 na iliyotoka Marekani ni ya volti 120. Kama bamba limeandikwa 100–240, hakuna shida, badilisha plagi tu. Kama ni 120 peke yake, utahitaji transfoma ya kushusha. Ya wati 100 inaitosha deki kwa raha. Ya Kijapani inataka transfoma yenye tundu la volti 100 hasa. Kuipa 110 kila siku ni kuichosha bila sababu. Amplifaya ni habari nyingine: inakula umeme mwingi, na transfoma yake itakuwa kubwa, nzito na ghali, kiasi kwamba ni afadhali utafute amplifaya ya 230 tangu mwanzo.

Umeme unapokatika na kurudi hurudi kwa kishindo, kwa hiyo stabilaiza au kinga ya umeme si anasa. Radi zikianza wakati wa masika, chomoa kila kitu ukutani, pamoja na waya wa dishi.

Njia ya waya mmoja: HDMI

Kama amplifaya yako ina HDMI, anzia hapa. Waya mmoja kutoka deki hadi amplifaya, mwingine kutoka amplifaya hadi TV. Mpangilio uwe huo. Watu wengi hupeleka deki kwenye TV kwanza, halafu TV irudishe sauti kwenye amplifaya kwa njia ya ARC. ARC ya kawaida hubeba stirio au Dolby na DTS zilizobanwa. Haiwezi kubeba PCM ya chaneli sita. eARC, toleo lake jipya, inaweza, lakini TV yenyewe nayo lazima ikubali kuipitisha. Kwa nini upitie kote huko? Deki iingie kwenye amplifaya moja kwa moja.

Toleo la HDMI lina maana. HDMI 1.1 ilitosha kubeba DVD-Audio, 1.2 ikaongeza DSD ya SACD, na 1.3 ikaongeza zile Dolby TrueHD na DTS-HD za Blu-ray zinapopelekwa zikiwa hazijafunguliwa. Amplifaya ya zamani isiyopokea DSD haikufungii mlango, kwa sababu deki nyingi zinaweza kuigeuza DSD kuwa PCM zenyewe. Hapo ndipo menyu inapoingia.

Washa TV, fungua menyu ya sauti ya deki, upitie haya taratibu:

Kwenye SACD, chagua Multi, si Stereo wala CD. Deki nyingi hukumbuka chaguo la mwisho, na kama mwenye nayo wa kwanza alikuwa mtu wa stirio, itakaa stirio hadi uibadilishe.

Kwenye HDMI Audio, jaribu PCM kwanza. Deki itafungua sauti yenyewe na kuipeleka amplifaya ikiwa tayari. Ukishapata sauti kwenye spika zote, unaweza kujaribu DSD au Bitstream (sauti inayopelekwa bila kufunguliwa) kama amplifaya inazikubali.

Mpangilio wa kushusha kasi ya sauti hadi 48 kHz, uzime. Ule wa kubana sauti usiku, unaoandikwa DRC, uzime pia. Kwenye Blu-ray, zima sauti ya pili, ile inayochanganya milio ya menyu na sauti za maelezo, maana ikiwa imewashwa deki nyingi hutoa sauti iliyobanwa badala ya ile kamili.

Jambo moja ambalo hata mafundi wazuri hulisahau: HDMI hupitisha sauti kwenye nafasi zinazobaki kati ya mistari ya picha. Picha ikiwekwa 480p au 576p, nafasi hizo ni finyu, na sauti ya chaneli sita ya kasi kubwa haitoshi. Itashushwa au itakatika. Weka picha 720p au 1080 hata kama unasikiliza muziki mtupu na TV umeizima.

Mwisho tazama kioo cha amplifaya. Nyingi zina kitufe kinachoonyesha kinachoingia: chaneli ngapi, kHz ngapi. SACD iliyogeuzwa PCM kwa kawaida itaonyesha 88.2 au 176.4. Ukiona 44.1 na chaneli mbili wakati umeweka SACD, bado unasikiliza CD. Rudi kwenye menyu.

Njia ya waya sita

Deki za zamani, na amplifaya za kabla ya HDMI, huunganishwa kwa nyaya sita za RCA: mbele kushoto, mbele kulia, kati, sabufa, nyuma kushoto, nyuma kulia. Njia hii si duni. Kwa deki nzuri inaweza kuwa bora, kwa kuwa kazi ya kugeuza namba kuwa sauti inafanywa na deki yenyewe. Ila inadai umakini.

Zima amplifaya na deki kabla ya kugusa waya wowote. Chukua nyaya za urefu mmoja na aina moja. Seti tatu za waya mbilimbili za kawaida zinatosha, huna haja ya nyaya za bei ya pikipiki. Kata vipande vya karatasi, viandike MK (mbele kushoto), MR (mbele kulia), K (kati), S (sabufa), NK (nyuma kushoto), NR (nyuma kulia), uvigandishe kwa selotepu ncha zote mbili za kila waya. Nyuma ya kabati kuna giza, na rangi nyekundu ya waya wa tatu haitakuambia ni ya spika ipi. Upande wa amplifaya tafuta kundi la matundu lililoandikwa Multi Ch In au 5.1 Input. Usiyachanganye na Pre Out, maana hayo ni ya kutoa.

Ukishaunganisha, washa, sauti ikiwa chini. Weka diski, kisha chomoa waya mmoja mmoja upande wa deki (ukizima amplifaya kila mara) na usikilize spika gani imenyamaza. Ni kazi ya robo saa. Nimekuta sebule ambazo kati na sabufa zimebadilishana kwa miaka, mwenye nyumba akilalamika kwamba waimbaji wamefichwa nyuma ya pazia.

Hapa kuna jambo zito zaidi. Kwenye matundu haya sita amplifaya nyingi hupitisha sauti jinsi ilivyo. Haziweki ucheleweshaji wa spika, na besi ya spika ndogo haziihamishii kwenye sabufa. Kazi hizo zote zinabaki kwa deki. Kwa hiyo mipangilio ya ukubwa na umbali wa spika utaifanya ndani ya menyu ya deki, hata kama ulishaifanya kwenye amplifaya. Tena baadhi ya deki huipuuza mipangilio hiyo zikipiga SACD, mpaka uziruhusu kuigeuza DSD kuwa PCM. Dalili yake ni hii: DVD-Audio inasikika imekaa vizuri, lakini SACD inazifanya spika ndogo zikohoe kwenye besi. Igeuze iwe PCM. Hutapoteza kitu cha kukusikitisha, na utaziokoa spika.

Waya wa optiki ule wa mwanga mwekundu usiutumie kwa kazi hii. SACD haitoi sauti yake ya DSD kupitia hapo; utapata kimya, au utapata CD. DVD-Audio itashushwa. Optiki ni ya Dolby na DTS za DVD za filamu.

Spika: kamba, siyo macho

Kipimo kinachotumiwa na studio ni kile cha ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kiitwacho BS.775. Spika ya kati iko mbele yako sawasawa. Za kushoto na kulia ziko nyuzi 30 kila upande. Za nyuma ziko kati ya nyuzi 100 na 120, maana yake ni pembeni yako na nyuma kidogo ya masikio, si kule ukutani nyuma ya kochi. Zote tano ziwe umbali mmoja kutoka kichwani mwako.

Huhitaji kifaa. Funga kamba kwenye mgongo wa kiti, mahali kichwa kinapokaa. Ipime, tuseme mita 2, na ufunge fundo. Zungusha kamba ikiwa imenyooka. Fundo linapopita ndipo mahali pa spika. Kisha umbali kati ya spika ya mbele kushoto na ya mbele kulia nao uwe mita 2, sawa na kamba, na nyuzi 30 zimejipata zenyewe. Spika za nyuma: kwa kamba ya mita 2, kila moja itakuwa karibu mita 1.9 pembeni ya mstari wa katikati na sentimita 70 hivi nyuma ya kiti. Chumba kina upana wa mita 3 tu? Fupisha kamba iwe mita 1.4. Duara dogo lililo sawa ni bora kuliko kubwa lililopinda.

Zote ziwe kimo cha masikio ya mtu aliyekaa. Kupandisha za nyuma juu karibu na dari ni desturi ya filamu. Kwenye muziki, mara nyingi kilichorekodiwa nyuma ni ukumbi wenyewe, au mpigaji hasa, na hakai darini.

Hakikisha chanya na hasi hazijabadilishana. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, ondoa nyaya za spika kwenye amplifaya, gusa kwa sekunde moja: chanya ya betri kwenye waya unaoenda chanya. Ngozi ya spika ya besi inapaswa kutoka nje. Ikiingia ndani, waya umegeuzwa. Spika mbili za mbele zikipingana, besi hupotea na mwimbaji hakai katikati. Anatawanyika pembeni kama moshi. Watu wameshauza deki nzuri kwa sababu ya kosa hili.

Chumba nacho kinaimba. Nyumba nyingi mpya hapa mjini zina marumaru chini, madirisha makubwa ya vioo na dari ya jipsam. Simama katikati upige kofi moja kali. Ukisikia mlio mwembamba unaorukaruka baada ya kofi, tandika zulia au jamvi zito kati ya kiti na spika za mbele, shusha mapazia, sogeza kabati la vitabu kwenye ukuta mtupu. Nyumba za zamani zenye kuta nene za mawe hutulia zaidi. Na chini ya bati lisilo na dari, mvua ikianza, funga kazi. Hakuna deki itakayoshindana nayo.

Kusawazisha viwango

Washa mlio wa majaribio, ule unaofanana na maji yanayomwagika, uzunguke spika moja moja. Kama unatumia waya sita, tumia mlio wa deki. Ule wa amplifaya haupiti kwenye njia unayoipima. Pakua programu ya kupimia sauti kwenye simu, kaa kitini, simu iwe kwenye kimo cha sikio ikitazama juu, usiisogeze. Ipandishe spika ya kushoto hadi isome desibeli 75, kisha zilete nyingine zote hapo. Simu yako inaweza kukosea kwa desibeli kadhaa; haidhuru, ilimradi inakosea sawasawa kwa zote.

Umbali: kama hukuweza kuziweka spika sawa, jaza umbali halisi kwenye menyu. Deki zinazotaka milisekunde badala ya mita, kumbuka kwamba sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, na kwenye joto letu la Januari inakaribia 35. Spika iliyo karibu ndiyo inayocheleweshwa.

Spika ndogo ziweke Small na mpaka wa 80 Hz, sabufa ichukue cha chini yake.

Sasa sabufa, ambayo ndiyo inayoharibu hukumu nyingi. Chaneli ya besi kwenye diski za 5.1, ile inayoitwa LFE, hurekodiwa ikiwa chini ili wakati wa kupiga ipandishwe desibeli 10. Kwa HDMI amplifaya hufanya hivyo yenyewe. Kwa waya sita, huenda deki haikupandisha na amplifaya pia haikupandisha. Au moja imepandisha na nyingine nayo imepandisha juu yake. Ndiyo maana mtu mmoja anasema deki fulani ni nyembamba na mwingine anasema ileile inanguruma. Tafuta kwenye menyu ya amplifaya mpangilio wa kuongeza sabufa kwa matundu ya chaneli nyingi, 10 au 15, uujaribu. Maiki ya simu ni dhaifu kwenye besi, kwa hiyo hapa tumia wimbo wenye gitaa la besi unaloujua: noti za chini zisiwe na sauti kubwa kuliko za juu yake, na usiweze kunyoosha kidole na kusema sabufa iko pale.

Usishtuke ukikuta chaneli imenyamaza kabisa. Wahandisi wengine huacha sabufa tupu, wengine huacha spika ya kati. Na zipo SACD zilizotokana na rekodi za chaneli nne za miaka ya 1970. Hizo hazina spika ya kati wala sabufa, kwa sababu hazikuwa nazo tangu studio.

Kama kuna mvumo wa chini usiokwisha hata diski ikisimama, chomoa waya wa dishi nyuma ya TV. Ukinyamaza, umempata mkosaji. Chomeka deki, amplifaya na TV kwenye ekstensheni moja bora. Usikate pini ya ethi.

Sasa deki yenyewe

Ukilinganisha deki mbili, kanuni ya kwanza ni kiwango. Inayotoa sauti kubwa kidogo huonekana bora hata kama tofauti ni ndogo kiasi cha kutotambulika kama ukubwa. Sikio halitoshi kusawazisha hapa. Chukua mita ya umeme ya fundi, weka kwenye AC, piga mlio wa 100 Hz kutoka kwenye diski ya majaribio, upime volti kwenye vituo vya spika. Kama deki ya kwanza inasoma volti 2.00, ya pili iwe kati ya 1.96 na 2.04. Hapo uko ndani ya desibeli 0.2.

Amplifaya nyingi zina kundi moja tu la matundu sita, na ukihamisha nyaya dakika tano, kumbukumbu ya sikio imeshapotea. Fanya hivi: linganisha chaneli za mbele tu, deki moja ikiingia kwenye CD na nyingine kwenye AUX, amplifaya ikiwa kwenye Pure Direct (mpangilio unaopitisha sauti bila kuigusa), diski mbili zinazofanana zikipigwa pamoja. Mwombe mtu abadilishe kitufe bila wewe kuona, arushe sarafu kila mara kuamua. Mara 16. Uwezekano wa kupatia 12 au zaidi kwa kubahatisha tu ni chini ya 4 kwa 100. Ukipatia 9, hujathibitisha tofauti yoyote, na hilo ni jambo jema kulijua kabla ya kulipa.

Kwa HDMI, ikiwa deki zote mbili zinapeleka namba zilezile, amplifaya ndiyo inayozigeuza kuwa sauti. Usitegemee tofauti ya sauti, pima mengine. Inachukua muda gani kusoma diski? Inapita kutoka wimbo hadi wimbo bila kukatika kwenye rekodi za jukwaani? Feni yake inasikika ukiwa kitini? Kioo chake kinasomeka bila kuwasha TV?

Usilinganishe tabaka la SACD na tabaka la CD la diski ileile ukadhani unalinganisha mifumo. Mara nyingi zimeandaliwa tofauti, moja ikiwa imebanwa na kupandishwa zaidi. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio lililofanywa Marekani: walipitisha sauti ya SACD na DVD-Audio kwenye kifaa kinachoishusha hadi kiwango cha CD, biti 16 na 44.1 kHz, na katika majaribio 554 wasikilizaji hawakuweza kutofautisha kwa sauti ya kawaida. Wapo waliopinga, na uchambuzi uliofuata wa majaribio mengi kwa pamoja uliona tofauti ndogo. Mimi nimeshaamua kuhusu fedha zangu: faida unayoisikia bila kubishana ni chaneli, siyo biti.

Na faida hiyo ni kubwa. Piga rekodi ya okestra au kwaya iliyofanywa ukumbini, ngoja mapigo ya ngoma yakome, usikilize yanavyofifia. Mtu wa Tanga aliyekulia kwenye maulidi anajua matari yanavyogonga ukuta na kurudi, na sauti ya umati inavyojaza nafasi kabla ya kutulia. Mfumo uliokaa sawa hukupa huko kufifia kukiwa nyuma na pembeni, taratibu, bila kukuonyesha spika. Ukisikia spika za nyuma kama spika, zishushe desibeli moja. Zima za nyuma kwa ghafla: ukumbi uporomoke, mbele pabaki palepale. Makofi ya watazamaji ni kipimo kingine kizuri. Yasikike ni viganja vya watu wengi, yasiwe kama mafuta yanayokaangwa. Sauti ya mwimbaji itoke kimo cha kinywa cha mtu, na isibadilike rangi ikihama kutoka spika ya kati kwenda ya kushoto. Ikibadilika, tatizo ni spika ya kati isiyo ya ukoo mmoja na za mbele, na deki ya bei mara mbili haitalitibu.

Taarab yetu, ile ya enzi za Black Star na Lucky Star hapa Tanga, haikurekodiwa kwa chaneli sita. Ipige kwa stirio, spika mbili. Kitufe cha amplifaya kinachoitawanya chumba kizima kinabuni tu, na hukimeza kinanda na gitaa vilivyokuwa vimekaa mahali pake.

Utunzaji kwenye hewa ya bahari

Chumvi na unyevu ndio maadui hapa, hasa kwa walio karibu na ufukwe. Usifungie deki kwenye kabati la kioo lisilopitisha hewa. Ikitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda chenye joto, iache saa moja kabla ya kuiwasha, kwa sababu ukungu hutua kwenye lenzi. Pini za RCA zikianza kupata kutu ya kijani, zifute kwa spiriti safi wanayotumia mafundi simu. Diski zifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Na siku deki itakapoanza kusoma CD ikazikataa SACD, usikubali kuambiwa diski zako ni mbovu kabla ya kuzijaribu kwenye deki nyingine: leza ile ya nanomita 650 ndiyo mshukiwa wa kwanza, na fundi akiipata anaweza kuibadilisha.